Kigoda cha Pili

Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu.
Ofisi yetu ilikuwa Arua, juu ya duka la misumari,
na kila mwisho wa mwezi nilijaza fomu:
mikono iliyoinuliwa, mia nne na kumi na miwili;
visima, viwili; mabati, mia tatu;
vitabu vilivyogawiwa, maboksi kumi na manne,
moja limelowa mvua, nalo nikalihesabu.

Tulisoma *Enendeni*, tukanunua gari.
Gari zuri, halikuogopa tope,
likapita Maracha, likapita Koboko, likarudi na vumbi jekundu
hadi ndani ya redio.
Tulikuwa hodari wa kwenda.
Neno lililofuata lilikuwa refu kidogo,
na mafuta yalikuwa yameshalipiwa.

Haba na haba, husema watu, hujaza kibaba.
Sisi tulitaka pipa, na tulilitaka usiku mmoja,
jenereta likinguruma, hema likijaa,
mhubiri akitiririka jasho, mimi nyuma na kalamu.

Miezi minane baadaye nikarudi Maracha kupiga picha za kisima.
Pampu ilikuwa imevunjika mkono.
Nikauliza, wako wapi wale mia nne na kumi na wawili?
Kijana mmoja akacheka, bila ubaya:
"Taa si mliondoka nazo, mzee?"

Barazani sokoni nikamkuta Drijaru na cherehani yake.
Kando yake kigoda cha pili, na juu ya kigoda, Letasi,
akifumua pindo alilolishona vibaya asubuhi.
Polepole, akasema Drijaru, usichane kitambaa.
Na katikati ya kufumua walizungumza
habari za mke mwenza, sufuria iliyochukuliwa,
maneno yaliyosemwa mbele za watu kwenye foleni ya maji.
Jioni ile nikawaona wakienda,
Letasi na beseni la simsim kichwani,
Drijaru nyuma yake, hasemi kitu,
kwenda kuomba msamaha ambao Letasi hakutaka kuuomba.
Nilibaki na kamera shingoni.
Sikupiga picha. Ningeandika nini chini yake?

Miaka mitatu, pindo kwa pindo.
Sala kabla ya uzi kupita tunduni,
mstari mmoja usomwe mpaka ufike mikononi,
hasira ipimwe kama kiuno cha mteja:
kwa utepe, si kwa macho.
Letasi aliacha mara mbili.
Mara ya pili alipotea msimu mzima wa mvua.
Kigoda hakikuondolewa.

Leo Letasi ana baraza lake Koboko,
na msichana mmoja, Ayikoru, anayekata kila kitu upande.
Hesabu yote ya Drijaru: mmoja, na mmoja, labda na mmoja.
Nikafungua fomu nikatafuta safu yao.
Kulikuwa na safu ya tairi.

Sisemi visima ni vibaya. Maji nimeyanywa.
Sisemi hema lichomwe.
Nasema moyo wa kazi tuliupakia kwenye buti,
chini ya kamba na turubai,
tukausahau humo, tukaendelea kuendesha.

Jana usiku Andama alinifungulia geti, kama kawaida.
Miaka kumi na moja amenifungulia.
Aliwahi kuniuliza, zamani, mara moja tu,
mtu anasalije akiwa bado amemkasirikia marehemu baba yake.
Nikamwambia kuna semina mwezi ujao.

Nikazima gari.
Nikaingia jikoni, nikatoka na vigoda viwili,
kimoja kina mguu mfupi; hicho nikakikalia mimi.
Sikuwa nimeandaa neno. Mbu walikuwa wengi.
"Baba yako," nikaanza, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Akaiegemeza tochi ukutani, akakaa.